Lindley Murray: Mgonjwa wa York Aliyeiweka Ritifaa Mahali Pake

Atokaye Bungoma kwa matatu akateremka Malaba, kabla hajaufikia mto unaotutenga na Uganda, atapata mbao nyingi za kusoma kuliko katika mji mwingine wowote wa ukubwa ule. Malaba ni mji wa malori. Malori yana madereva, na madereva wana haja ya kula, kulala, kunyolewa, kutumiana fedha na kujaziwa karatasi za forodha. Kila anayewahudumia ametundika ubao wake, na karibu kila ubao ni wa Kiingereza. Siku moja mwandishi wa makala haya, akimngoja mwenzake aliyekwama ng'ambo, alihesabu mbao tatu katika barabara moja, zote zikitangaza nyumba ya kulala madereva. Ubao wa kwanza uliandikwa DRIVERS LODGE bila alama yoyote. Wa pili uliandikwa DRIVER'S LODGE, ritifaa ikiwa mbele ya S. Wa tatu uliandikwa DRIVERS' LODGE, ritifaa ikiwa nyuma ya S.

Zikisomwa kwa sauti, mbao hizo hazina tofauti hata kidogo. Mwambie kijana wa boda boda akupeleke kwenye mojawapo, naye atakuuliza ni ipi. (Jina hilo la boda boda, wasomaji wanajua, lilizaliwa katika mpaka huu huu wetu wa Busia na Malaba, pale waendesha baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria toka kituo kimoja cha mpaka hadi cha pili, wakinadi kazi yao kwa Kiingereza kilichotafunwa.) Ni jicho tu linaloweza kutofautisha. Ubao wa kwanza unataja madereva na nyumba bila kusema nani ana haki juu ya nini. Wa pili unasema nyumba ni ya dereva mmoja. Wa tatu unasema nyumba ni ya madereva wote. Kiswahili hakina taabu hiyo, kwa maana nyumba ya dereva na nyumba ya madereva husikika mbalimbali hata gizani. Kiingereza kimeuficha wingi wa mwenye mali nyuma ya kialama kidogo kama mbegu ya mtama.

Alama yenyewe si ngeni kwetu. Sisi tunaijua kwa sababu ya ng'ombe. Mtoto wa Kiswahili hufundishwa kuiweka pale ili ng'ombe asitamkwe kama ngoma, na kazi ya ritifaa kwetu inaishia hapo hapo. Kwa Waingereza ritifaa inalinda mali, nayo ni kazi nzito zaidi kama nilivyotambua mapema.

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, shule ambayo sitaitaja, tuliandikishwa insha ya Kiingereza kuhusu mifugo ya nyumbani. Mimi niliandika juu ya ng'ombe wa babu zangu, nikaweka ritifaa nyuma ya S. Mwalimu akaikata kwa wino mwekundu na kuihamishia mbele ya S, kisha akaniuliza mbele ya darasa zima nina babu wangapi. Nikajibu kwamba ninao watatu. Darasa likacheka, naye mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, akacheka pia. Lakini kwetu ndugu wa babu ni babu vilevile, na ng'ombe wale walikuwa wa ndugu watatu kwa pamoja, hakuna aliyeweza kumuuza hata ndama bila wenzake kukubali. Katika daftari langu, kwa kuhamishwa kialama kimoja, boma zima lilikuwa limepewa mzee mmoja. Kanuni ya mwalimu ilikuwa sahihi. Alichokosea ni hesabu ya wazee.

Hapana mtu mmoja anayeweza kusemwa kuwa ndiye aliyeitunga kanuni hiyo. Lakini yuko mtu mmoja aliyeiingiza katika vichwa vya watoto wengi kuliko mwingine yeyote, na ambaye vitabu vyake vilikuwa katika mikoba ya wanafunzi wa Uingereza na Marekani kwa zaidi ya nusu karne. Mtu huyo ni Lindley Murray. Wengine wamemwita baba wa sarufi ya Kiingereza. Jambo la ajabu ni kwamba hakuzaliwa Uingereza, hakuwa mwalimu wa shule, na alipoandika kitabu kilichompa sifa hiyo alikuwa mgonjwa asiyeweza kutembea.

Kwa wasomaji wa sehemu zetu za Magharibi kuna sababu nyingine ya kumjua. Murray alikuwa Mkweka, yaani mfuasi wa dini ya Marafiki. Dini hiyo ndiyo waliyoileta Kaimosi mwaka wa 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, ikaenea hadi Lugulu na pande zote za Bungoma, na leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Wakweka wa kale walikuwa na ugomvi wao wenyewe na sarufi. Katika karne ya 17 Mwingereza aliyeongea na mkubwa wake alimwita kwa neno la wingi, kana kwamba yeye peke yake ni watu wengi, na aliyeongea na mtumishi alitumia neno la umoja. Wakweka walikataa. Walimwita kila mtu kwa neno la umoja, awe jaji au mchunga kondoo, na wengine walitukanwa na kupigwa kwa sababu hiyo. Kwao mtu mmoja alikuwa mmoja, na hapakuwa na cheo cha kumfanya awe wengi. Murray alilelewa katika usemi huo.

Alizaliwa tarehe 7 Juni mwaka wa 1745 mahali paitwapo Swatara, katika Pennsylvania, wakati Marekani ilipokuwa bado chini ya Mwingereza. Baba yake, Robert Murray, alikuwa na kinu cha kusagia ngano. Mama yake aliitwa Mary Lindley, na mtoto alipewa jina la ukoo wa mama. Alikuwa kifungua mimba katika jamaa ya watoto kumi na wawili. Mwaka wa 1753 mzee Robert alihamia New York, na kinu cha ngano kikazaa biashara ya meli. Baada ya muda si mrefu alihesabiwa miongoni mwa matajiri wa mji ule.

Mzee alitaka mwanawe awe mfanyabiashara, akamweka katika chumba cha hesabu. Kijana hakupenda. Yeye alitaka vitabu. Baba alikuwa mkali, na kijana alikuwa mtundu tangu udogoni, hivyo haikuwa ajabu siku ilipofika wakagongana. Akiwa na umri wa miaka kumi na minne hivi, aliadhibiwa kwa kutoka nyumbani jioni bila ruhusa, naye akaiona adhabu hiyo kuwa ya uonevu. Hakulia wala kujibu. Alifunga vitu vyake, akaondoka New York, akaenda hadi Burlington katika New Jersey na kujiandikisha mwenyewe katika shule ya bweni. Vijana wengi wametoroka shule kwenda mijini. Huyu alitoroka mji kwenda shule. Huko alijifunza Kifaransa miongoni mwa mengine, mpaka watu wake walipopata habari ya mahali alipo na kumrudisha nyumbani kwa maneno mazuri. Mzee alilegeza kamba. Akamtafutia mwalimu wa kumfundisha nyumbani, na baadaye akamruhusu kusomea sheria.

Alisomea sheria chini ya wakili Benjamin Kissam, na mwenzake katika ofisi ile ile alikuwa kijana John Jay, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa kwanza wa Marekani. Mwaka wa 1767 Murray alimwoa Hannah Dobson. Hawakubahatika kupata watoto, lakini waliishi pamoja karibu miaka sitini, na ye yote atakayeisoma habari ya mtu huyu hana budi kumkumbuka bibi huyo, kwa sababu baadaye mikono na miguu ya mumewe ilikuwa ni yeye.

Kisha ikaja vita ya uhuru wa Marekani, na hapa jina la Murray likaingia doa ambalo sisi watu wa mpakani tutalielewa upesi. Wazalendo walikuwa wamekataza bidhaa za Uingereza zisiingizwe nchini. Mapema mwaka wa 1775 meli ya jamaa ya Murray iitwayo Beulah ilifika kutoka Uingereza ikazuiwa kupakua New York. Sehemu ya shehena ilishushwa kwa siri upande wa New Jersey. Kwa neno letu, ni magendo. Siri ilifichuka, watu wakapandwa na hasira, na kina Murray wakalazimika kuungama hadharani ili wasifukuzwe mjini. Mwaka uliofuata, Waingereza walipotua New York, yasemekana Bibi Mary Murray, mama yake Lindley, aliwakaribisha majemadari wa Kiingereza nyumbani kwake akawaketisha kwa vinywaji na mazungumzo muda mrefu, hata majeshi ya wazalendo yakapata nafasi ya kupenya na kuokoka. Hadithi hiyo inapendwa sana Marekani, ingawa wanahistoria wengi wanaitilia shaka. Kilima kilichokuwa na nyumba yao bado kinaitwa Murray Hill katikati ya New York.

Kwa hiyo jamaa moja ilikuwa na mguu kila upande wa mpaka. Lindley mwenyewe, kama Mkweka, hakushika bunduki. Kazi ya uwakili ilikuwa imesimama, akaenda na mkewe kukaa Islip katika Long Island, akawa anavua samaki na kuendesha mashua muda wa miaka minne hivi. Mwishowe alichoka. Alirudi New York, ambayo ilikuwa mikononi mwa Waingereza, akaingia katika ile ile biashara aliyoikataa utotoni, akiagiza bidhaa kutoka London. Akatajirika haraka. Vita ilipokwisha mwaka wa 1783 alikuwa na fedha za kumtosha maisha yake yote, na umri wake haujafika miaka arobaini.

Aliyefanya biashara chini ya bendera ya Mwingereza hakuwa mtu wa kupendwa sana baada ya bendera ile kushushwa. Baadhi ya wanahistoria wa siku hizi wanasema hiyo ndiyo sababu ya kweli iliyomtoa Marekani. Yeye mwenyewe alitoa sababu nyingine, na ushahidi wa macho ulimuunga mkono. Mwili ulikuwa unamwishia nguvu. Miguu ililegea, akashindwa kutembea mwendo wa kawaida, na madaktari wakamshauri atafute nchi yenye hewa ya baridi ya wastani. Mwaka wa 1784 alisafiri na mkewe kwenda Uingereza, akitumaini kukaa muda mfupi. Wakanunua nyumba kijijini Holgate, karibu kabisa na mji wa York. Hakuiona Marekani tena.

Maisha ya Holgate yaweza kuelezwa kwa maneno machache kwa sababu kwa miaka zaidi ya arobaini hayakubadilika sana. Asubuhi aliinuliwa, akaketishwa kwenye kochi, na hapo alisoma, akaandika na kupokea wageni. Hali ya hewa ilipokuwa nzuri alitolewa kwa gari la farasi. Alikuwa na bustani iliyojaa mimea ya kila namna, na watu waliijia kuitazama kutoka mbali. Kwa miaka kadhaa alihutubu katika mikutano ya Wakweka wa York, lakini sauti nayo ikadhoofika, ikabidi aache. Basi alibaki na kalamu. Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka wa 1787, kilikuwa cha dini, nacho alikigawa bure kwa majirani kabla hakijaanza kuuzwa. Alimsaidia pia William Tuke alipoanzisha hospitali ya The Retreat mwaka wa 1796, ambamo wagonjwa wa akili walitunzwa kwa upole badala ya kufungwa minyororo.

Wakweka wa York walikuwa na shule ya wasichana, na shule ile ilikuwa na walimu vijana ambao, kwa kusema kweli, hawakuijua vizuri sarufi waliyotakiwa kuifundisha. Walikuwa wakienda Holgate kufundishwa na Murray jioni. Mwaka wa 1794 watatu kati yao, Ann Tuke, Mabel Tuke na Martha Fletcher, walimwandikia barua ya kumwomba awatungie kitabu chao wenyewe. Barua ilikuwa ya mzaha kidogo, imeandikwa kwa adabu ya kupita kiasi kama wakulima wanaompelekea mfalme malalamiko, lakini haja yao ilikuwa ya kweli. Murray alisita. Alisema vitabu vya sarufi vipo, na ni vya watu waliosoma kuliko yeye. Walimu hawakukubali. Mwaka wa 1795 kitabu kikachapishwa York kwa jina la English Grammar, kikikusudiwa kwa darasa moja la wasichana.

Sasa natuangalie ndani ya kitabu hicho, maana ndiko kuliko na utamu. Mambo ya vituo aliyaweka karibu na mwisho, pamoja na mambo ya usomaji wa mashairi, na hilo si bahati mbaya. Kwa Murray, kama kwa waliomtangulia, alama za vituo zilikuwa kwanza ni pumzi. Koma ni pumziko dogo. Nukta mkato ni pumziko mara mbili ya koma. Nukta pacha ni mara mbili ya nukta mkato, na nukta yenyewe ni mara mbili ya nukta pacha. Fanya hesabu, ndugu msomaji: anayetulia moja kwenye koma anapaswa kutulia nane kwenye nukta. Murray hakuwa mjinga, alikiri kwamba hakuna anayeweza kuzipima pumzi hizo kwa saa, kwa kuwa msomaji wa haraka na msomaji wa taratibu hawalingani. Alichotaka ni ule uwiano. Tena hakuishia kwenye pumzi. Alionyesha kwamba koma huwekwa pale maana inapogawanyika, na kwamba haifai kumtenga mtenda na tendo lake kwa koma kama hakuna jambo lililopachikwa katikati. Kosa hilo la mwisho bado linaonekana katika barua nyingi zinazopelekwa ofisini, ambapo mwandishi huchoka katikati ya sentensi na kutia koma ili apumzike mkono.

Kuhusu ritifaa, kazi ilikuwa ngumu zaidi. Alama hiyo iliingia katika Kiingereza katika karne ya 16 kutoka kwa wachapaji wa Ufaransa, na kazi yake ya asili ilikuwa kuonyesha herufi iliyoachwa. Zamani Waingereza walionyesha mwenye mali kwa kuongeza silabi mwishoni mwa jina lake. Irabu ya silabi ile ikamezwa, ikabaki S, na ritifaa ikakaa kama kaburi la irabu iliyokufa. Baadaye watu wakasahau. Wengine wakadhani ile S ni kifupi cha neno his, wakawa wanaandika kwa urefu mfalme yake nyumba, jambo ambalo lilileta kichekesho pale mwenye nyumba alipokuwa malkia. Kuhusu wenye mali wengi hapakuwa na mapatano kwa muda mrefu. Wachapaji waliandika watakavyo, na baadhi ya wataalamu walisema wingi hauhitaji alama.

Murray aliyaweka mambo kwa ufupi ambao mtoto angeweza kuushika. Mwenye mali akiwa mmoja, ritifaa kisha S. Wenye mali wakiwa wengi na jina lao tayari linaishia kwa S, ritifaa peke yake nyuma yake, wala S nyingine haihitajiwi. Jina la wingi lisiloishia kwa S, kama children au women, hupata ritifaa na S kama la mtu mmoja. Kisha akaligusa jambo ambalo wakili wa zamani lazima alilifurahia, yaani mali ya shirika. Barasa na Omuse wakiwa na duka moja kwa ubia, alama huwekwa kwa jina la mwisho tu: Barasa and Omuse's shop. Lakini kila mmoja akiwa na duka lake, kila jina hubeba alama yake: Barasa's and Omuse's shops. Mtu ambaye hajawahi kushuhudia kesi ya ubia aweza kuona huo ni uchovu wa wasomi. Aliyewahi kukaa barazani Amagoro au Busia akisikiliza washirika wawili wakigombea kibanda kimoja atajua kwamba vita vingi vilianzia kwenye karatasi iliyoandikwa ovyo.

Mwaka wa 1797 alitoa kitabu cha mazoezi, kimejaa sentensi zilizokosewa makusudi ili mwanafunzi azirekebishe, pamoja na kingine cha majibu, na muhtasari wa sarufi kwa wadogo. Mwaka wa 1799 kikafuata kitabu cha kusoma, The English Reader. Sentensi zake zote zilikuwa na maadili. Mtoto aliyekuwa akitafuta koma iliyopotea alijikuta akijifunza kutosema uwongo na kuwaheshimu wazee. Mimi binafsi naona sentensi hizo zinachosha zikisomwa nyingi pamoja, lakini wazazi wa wakati ule walizipenda mno.

Mauzo yalipita kila kipimo. Muhtasari peke yake ulichapishwa zaidi ya mara 120, na inakadiriwa kwamba vitabu vyake vyote viliuzwa kwa mamilioni hadi katikati ya karne ya 19, vingi vikiwa vya Marekani, ambako wachapaji walikuwa huru kuvichapisha bila kumlipa mtunzi hata senti. Abraham Lincoln, aliyejisomea mwenyewe katika umaskini, alikisifu The English Reader kuwa kitabu bora cha shule. Katika riwaya ya Moby-Dick ya Herman Melville, iliyotoka mwaka wa 1851, baharia mmoja akimsikia kijana Pip akirudiarudia kitenzi kimoja kwa kila nafsi mara moja anadhani amekuwa akisoma sarufi ya Murray, na mtunzi hakuona haja ya kueleza Murray ni nani. Kufikia miaka ya 1840 hata Japani, ambayo milango yake ilikuwa imefungwa kwa wageni isipokuwa Waholanzi na majirani wachache, sarufi hiyo ilikuwa imetafsiriwa kutoka Kiholanzi. Na fedha? Alichopata Murray kutokana na vitabu vyake vya shule alikitoa sadaka. Utajiri wake wa zamani ulimtosha.

Sifa haikuja bila lawama, na lawama yenyewe ilikuwa nzito kwa mtu aliyeandika kanuni za kulinda mali. Alishtakiwa kwa wizi wa maandishi. Sehemu kubwa ya kitabu chake imetoka kwa Askofu Robert Lowth, ambaye sarufi yake ilitoka mwaka wa 1762, na kwa wengineo, pengine neno kwa neno bila majina yao kutajwa pale yalipotumika. Mmarekani Noah Webster, yule wa kamusi, alilalamika kwamba naye alichukuliwa. Haki inatutaka tuseme kwamba Murray hakujifanya mvumbuzi. Tangu mwanzo alijiita mkusanyaji, akawataja katika utangulizi waandishi aliowategemea, na katika matoleo ya baadaye akaongeza maelezo. Lakini mtu aliyejua vizuri hivyo kuonyesha duka ni la Barasa au la Barasa na Omuse angeweza kuonyesha pia sentensi ipi ni ya Askofu. Katika hili mimi niko pamoja na walalamikaji.

Wengine walimwinda kwa makosa ya sarufi yake mwenyewe. Mwaka wa 1868, akiwa kaburini zaidi ya miaka arobaini, George Washington Moon alitoa kitabu kizima juu ya Kiingereza kibaya cha Lindley Murray na wenzake. Na wako wanaomlaumu kwa jambo kubwa zaidi, kwamba kitabu kilichoandikwa kwa huruma kwa ajili ya walimu watatu kilikuja kuwa fimbo. Kiingereza sahihi kikawa mlango wenye bawabu. Aliyeikosa ritifaa alihesabiwa hakusoma, hata kama aliyoyasema ni ya busara. Fimbo hiyo ilivuka bahari na kufika hadi kwetu, ambako Kiingereza cha mtihani kiliamua nani aende shule ya upili na nani abaki akisukuma baiskeli mpakani.

Miaka kumi na sita ya mwisho Murray hakutoka tena nje ya nyumba yake. Hannah alikuwa kando yake. Bado alipokea barua za walimu na wachapaji, akarekebisha toleo baada ya toleo, akihamisha koma hapa na kufuta neno pale. Alifariki tarehe 16 Februari mwaka wa 1826, akiwa na umri wa miaka 80, akazikwa katika makaburi ya Wakweka huko Bishophill, mjini York.

Wasia wake ulionyesha kwamba alikuwa hajaisahau New York. Ndugu yake, John Murray mdogo, alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama kilichopigania kuachiwa huru kwa watumwa katika jimbo lile. Lindley, ambaye utajiri wake ulitoka katika mji wenye watumwa, aliagiza kwamba baada ya mkewe kufa mali itakayobaki ipelekwe kwa wadhamini New York. Itumike kuwakomboa watu weusi walio utumwani, kuwasaidia wakishakuwa huru, kuwasomesha watoto wao na wajukuu wao, kuwaelimisha Wahindi Wekundu, kugawa vitabu vya dini na kuwasaidia maskini. Hannah alifariki mwaka wa 1834. Wakati huo New York ilikuwa imekwisha kuukomesha utumwa kwa sheria tangu mwaka wa 1827, ingawa katika majimbo ya kusini minyororo ilikuwa bado. Wadhamini walizipokea fedha na kuanza kazi.

Shule ya wasichana ya Wakweka bado ipo York, siku hizi ikiitwa The Mount. Katika bustani yake kimesimama kibanda kidogo cha mbao kilichohamishwa kutoka Holgate, ambamo mzee alikuwa akiketishwa wakati wa kiangazi kutazama mimea yake. Wasichana hupita hapo wakienda darasani.